Gari Kuukuu Linalokula Maji ya Rejeta: Jinsi ya Kujua Yanakopotelea

Mfumo wa kupooza injini ni mfumo uliofungwa. Maji yanayozunguka humo hayaunguzwi kama mafuta, wala hayapungui kwa sababu gari limezeeka. Ukijaza leo na wiki ijayo ukakuta yamepungua, kuna mahali yanapotokea: ama nje, ama kwenye mfuniko, ama ndani ya injini yenyewe. Kauli ya kwamba magari ya zamani ndivyo yalivyo, unaongeza maji asubuhi unaendelea na safari, ndiyo inayoua injini nyingi. Mpira wa maji uliochoka ukiachwa mpaka gari lichemshe, gharama inahamia kwenye silinda hedi, yaani kile kipande cha chuma kinachofunika silinda kwa juu.

Mtu akikuta kidimbwi chini ya gari, swali la kwanza huwa ni wapi panavuja. Mimi huanza na swali jingine: linavuja wakati gani? Likiwa limelala usiku kucha? Likiwa barabarani? Dakika chache baada ya kuzimwa? Jibu la hapo linakuondolea nusu ya kazi, kwa sababu mpira, plastiki, gasketi (ile ya kuziba kati ya vipande viwili vya injini) na chuma kila kimoja kina tabia yake kinapopata joto na presha. Isitoshe, pale palipolowa mara nyingi sipo palipotoboka. Maji hufuata bomba, hupita juu ya kona ya fremu, hurushwa nyuma na feni, kisha yanadondoka mbali kabisa na chanzo chake.

Kabla ya kushika chochote

Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Presha iliyomo ndani huzuia maji kuchemka hata yakipita nyuzi 100 za Selsiasi. Ukifungua, presha inatoka ghafla na maji yale yanageuka mvuke papo hapo, usoni na mikononi mwako. Kitambaa kinene hakikuokoi. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta ubonyee kwa vidole bila kukuunguza.

Mambo mengine mawili. Kwenye baadhi ya magari feni ya umeme huanza kuzunguka yenyewe hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, kwa hiyo toa waya hasi wa betri kabla ya kuingiza mkono karibu nayo. Na ukihitaji kuingia chini, jeki ni ya kuinulia tu. Gari likae juu ya stendi, na matairi yaliyobaki chini yawekewe kigingi.

Hakikisha kwanza ni maji ya rejeta

Chukua karatasi nyeupe au tishu, ichovye kwenye tone. Maji safi yasiyo na harufu wala rangi, yanayodondoka upande wa miguu ya abiria baada ya kutumia kiyoyozi, ni ya kiyoyozi, hayo yaache. Mafuta mekundu yanayoteleza ni ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani. Kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa, huwa na rangi ya kijani, waridi, chungwa au buluu, ina utelezi kidogo na harufu tamu tamu. Gari ambalo limekuwa likitiliwa maji ya bomba miaka yote litakuachia doa la kahawia, yaani kutu. Usionje kamwe. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu kwa binadamu na wanyama.

Kisha pima upungufu wenyewe. Injini ikiwa ya baridi, weka alama ya kalamu kwenye tangi la akiba usawa wa maji, halafu fungua na mfuniko wa rejeta uchungulie. Hatua hii ya pili hurukwa sana kwenye magari ya zamani yenye mfuniko juu ya rejeta. Tangi la akiba linaweza kuwa limejaa huku rejeta imepungua kiasi cha kuonyesha mirija yake, na hapo tayari umepata dalili: mfumo unasukuma maji nje lakini haunyonyi kuyarudisha. Ama mfuniko umechoka, ama kampira kembamba kati ya rejeta na tangi kina ufa, ama kuna hewa inayoingia mahali fulani.

Geji ya dashibodi isikutie moyo kupita kiasi. Kipima joto kinapima maji yanayokigusa. Maji yakipungua mpaka kipima joto kikabaki hewani, mshale unaweza kutulia katikati au hata kushuka wakati hedi inaungua. Kwenye gari linalovuja, hita inayotoa hewa ya baridi ghafla huku mshale uko sawa ni onyo la kuamini kuliko mshale wenyewe.

Mfuniko: rahisi, na husahaulika

Mfuniko wa rejeta ni vali mbili ndani ya kipande kimoja. Moja, yenye springi, huzuia presha mpaka ifike kiwango kilichoandikwa juu yake, na kwenye magari mengi ni 0.9 au 1.1 ya bar. Nyingine ndogo, katikati, hufunguka injini inapopoa ili maji yarudi kutoka tangi la akiba.

Vali ya presha ikilegea, maji huhamia kwenye tangi la akiba mapema, tangi hufurika, na dereva huona kidimbwi bila kuona palipotoboka. Kibaya zaidi, mfumo usio na presha huchemka mapema. Vali ndogo ikiganda, injini ikipoa mipira ya rejeta husinyaa na kujibana kama imenyonywa. Ukiikuta hivyo asubuhi, usianze kulaumu mipira. Geuza mfuniko uangalie mpira wake wa chini. Ukiwa mgumu, una mipasuko au una alama ya duara iliyozama, badilisha mfuniko, na chukua wenye kiwango kilekile. Kuweka wenye presha kubwa zaidi ili uzuie kutapika ni kuhamishia mzigo kwenye plastiki na mipira ya umri mkubwa.

Kupima kwa presha

Kifaa kinachomaliza mabishano ni pampu ya mkono yenye geji, inayofungwa mahali pa mfuniko. Mafundi wengi wa rejeta wanayo, na kuazima au kulipia kipimo kimoja ni nafuu kuliko kubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Injini ikiwa baridi na rejeta ikiwa imejaa, pampu mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, usizidishe, kisha iache kwa robo saa.

Mshale ukisimama palepale, rudia kipimo injini ikiwa na uvuguvugu, maana ziko nyufa zinazofunguka kwa joto tu. Mshale ukishuka, chukua tochi na kioo kidogo uanze kutafuta kutoka juu kwenda chini. Sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo ya kushuku, siyo yenye matone mengi. Na mshale ukishuka ilhali hakuna tone popote, maji yanaingia mahali usipopaona: chini ya zulia la abiria, kwenye silinda, au kwenye giaboksi. Nitafika huko.

Huna pampu? Osha injini, iache ikauke kabisa, iwashe mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, kisha zima uchungulie. Usiku tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini na uchore juu yake matairi ya mbele yalipo. Asubuhi doa litakuambia ni upande gani wa injini. Kuna pia rangi maalumu inayotiwa kwenye kulanti na kung'aa ukiimulika kwa taa ya urujuanimno (UV). Hii inafaa sana kwa uvujaji mdogo unaokauka kabla haujadondoka.

Hata bila vifaa vyote hivyo, kulanti huacha ushahidi. Maji yakikauka, dawa zilizomo hubaki kama ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi. Fuata ukoko huo kwenda juu mpaka unapokoma.

Linavuja likiwa limelala na baridi

Ukikuta matone asubuhi, na injini ikipata moto panakauka, shuku kwanza maungio ya mipira. Mpira mzee umeshakuwa mgumu. Usiku chuma kinasinyaa, mpira haufuati, na klipu inabaki imeshika hewa. Asubuhi kila kitu kinatanuka na panajiziba. Dereva anahitimisha kwamba pamepona.

Watu hukimbilia bisibisi na kukaza klipu. Kwa siku chache panatulia. Tiba yenyewe ni kuvua mpira na kutazama shingo unapokaa. Kwenye shingo za alumini utakuta vishimo na unga mweupe wa kutu ya alumini, na hapo hakuna mpira mpya utakaokaa vizuri mpaka usugue kwa msasa laini na kufuta safi. Klipu ikae nyuma ya ule mwinuko wa shingo, si juu yake wala pembeni kabisa mwa mpira. Klipu za springi, zilizokuja na magari mengi kutoka kiwandani, zina faida ya kuendelea kubana kadiri mpira unavyosinyaa. Zile za skrubu hukazwa tena kidogo baada ya injini kupata moto na kupoa mara ya kwanza. Kama shingo ni ya plastiki, usitumie nguvu: itapasuka ndani ya mpira, na utatafuta uvujaji huo muda mrefu.

Mpira wenyewe upimwe kwa mkono. Ubonyeze katikati, kisha ubonyeze karibu na klipu kila upande. Ukisikia ukikatika katika ndani kama karatasi kavu, au karibu na klipu ni mlaini kuliko katikati, umeharibika kwa ndani hata kama nje unang'aa. Uliovimba na kunata umelowa oili, kwa hiyo kuna uvujaji wa pili wa kurekebisha kabla ya kufunga mpira mpya, la sivyo nao utaoza. Na mmoja ukichoka, wenzake wana umri uleule. Usisahau ile mifupi iliyojificha: ya kupita maji ya ziada karibu na thamostati (vali inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto), na miwili inayokwenda kwenye hita nyuma ya injini.

Wanaovuja baridi wengine ni vizibo vya bloku, vile visahani vya chuma vilivyogongwa ubavuni mwa injini. Hivi huoza kutokea ndani, hasa pale palipotumika maji matupu, mpaka kutu inatoboa kitundu cha sindano. Kingine kikiwa nyuma ya manifoldi ya ekzosi, au kati ya injini na giaboksi, kazi ni kubwa, lakini dalili ni wazi: mstari wa kutu unaoteremka ubavuni mwa bloku kutoka kwenye duara.

Linavuja baada ya kuzimwa

Hapa madereva huchanganyikiwa, maana barabarani gari lilikuwa kavu. Ukizima injini, wota pampu inayozungusha maji inasimama na hewa ya mbele inakoma, lakini joto lililomo kwenye chuma bado linaingia kwenye maji. Kwa dakika kadhaa joto na presha vinapanda kuliko ilivyokuwa kwenye mwendo. Kilicho dhaifu kinajionyesha wakati huo.

Wa kwanza kushukiwa ni rejeta. Nyingi za miongo ya karibuni zina kiini cha alumini na matangi ya plastiki pembeni au juu na chini, yaliyoshikwa kwa meno ya alumini juu ya mpira wa kuziba. Plastiki hiyo ikizeeka hubadilika kutoka nyeusi kuwa ya kahawia, na hupasuka hasa kwenye shingo ya mpira wa juu, maana huko maji huingia yakiwa ya moto zaidi. Ufa unaweza kuwa mwembamba kama unywele na kujifunga ukipoa. Tafuta pia unyevu kwenye ule mstari wa meno. Hapo ni mpira wa kuziba umekufa, na kubana meno kwa koleo husaidia kwa muda mfupi tu.

Je, plastiki iliyopasuka inagundika? Epoksi ya plastiki ikipakwa juu ya sehemu iliyosuguliwa na kukaushwa itakufikisha nyumbani, pengine itadumu miezi. Siitegemei kwa safari ndefu, kwa sababu nyenzo inayoizunguka nayo imeoza. Rejeta za zamani za shaba ni habari nyingine. Zinachomelewa kwa risasi, zinafunguliwa zinazibuliwa, na fundi mzuri huzirudisha kazini kabisa. Kama gari lako bado lina ya shaba na kiini hakijaoza mapezi, itengeneze.

Linavuja likiwa kwenye mwendo

Uvujaji unaoonekana kasi ya injini ikipanda, pengine na mstari wa matone uliorushwa chini ya boneti usawa wa belti, unaelekeza kwenye wota pampu. Pampu ina sili kwenye shafti, na chini ya shafti kuna kitundu kidogo kilichotobolewa makusudi. Sili ikianza kuachia, maji hutokea kwenye kitundu hicho badala ya kuingia kwenye bearingi. Ukiona mstari wa ukoko ukishuka kutoka hapo, pampu inakuaga. Usizibe kitundu hicho kwa silikoni. Maji yakikosa kutoka yataua bearingi, na pampu ikigoma inaondoka na belti.

Zima injini, shika puli ya pampu uitikise mbele na nyuma. Haipaswi kucheza. Mlio wa kukwaruza unaobadilika na kasi ni dalili ileile. Na kama pampu ya gari lako inaendeshwa na belti ya taimingi, badilisha vyote kwa pamoja, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ileile na kulanti iliyorukia belti hiyo imeshaifupishia maisha. Mahali pa kukaa gasketi pakwanguliwe bila kuacha mikwaruzo, na silikoni iwe nyembamba au isiwepo kabisa. Ile inayobanwa ikatokeza kwa ndani hukatika na kwenda kuziba mirija ya rejeta.

Karibu na hapo tazama nyumba ya thamostati. Alumini yake huliwa na kutu chini ya gasketi mpaka pasibaki pa kuzibia. Na kwa kuwa umeshafika, nitasema hili: kutoa thamostati na kuitupa si tiba ya gari kuchemsha. Injini itachelewa kupata moto na kunywa mafuta zaidi, wakati ugonjwa wenyewe, yaani uvujaji au rejeta iliyoziba, umebaki palepale.

Hakuna tone nje, lakini yanapungua

Anza na ndani ya gari, maana ni rahisi. Kioo cha mbele kikiingia ukungu wenye mafuta mafuta unapowasha hita, kukawa na harufu tamu, au zulia upande wa abiria likalowa, rejeta ndogo ya hita inavuja nyuma ya dashibodi. Mahali pengi kuifikia ni kazi ya siku nzima. Kwa dharura unaweza kuunganisha mipira miwili ya hita pamoja kwenye chumba cha injini ili maji yaipite. Utakosa hita, gari litatembea.

Kwenye gari la otomatiki, chomoa kijiti cha giaboksi. Magari mengi hupoozea mafuta ya giaboksi ndani ya tangi la rejeta. Ukuta kati yao ukioza, mafuta yanageuka rangi ya waridi mazito kama maziwa ya stroberi. Usiendeshe hata kidogo, kwani maji huharibu klachi za ndani haraka sana. Kwenye dizeli zenye kipoozeo cha hewa ya ekzosi inayorudishwa kwenye injini, kipoozeo hicho kikipasuka maji hunyonywa na kutoka kama moshi mweupe, na wengi hufungua hedi bure kwa sababu yake.

Halafu kuna gasketi ya hedi, ambayo kila mtu huiogopa na wengi huihukumu bila ushahidi. Isihukumiwe kwa dalili moja.

Oili iliyo kama uji wa maziwa kwenye kijiti ni dalili nzito. Lakini utando wa rangi hiyo chini ya mfuniko wa oili peke yake, kwenye gari la safari fupi fupi, mara nyingi ni unyevu uliokosa joto la kukauka. Moshi mweupe asubuhi ya baridi unaopotea baada ya dakika chache ni mvuke wa kawaida. Mzito unaoendelea injini ikiwa ya moto, wenye harufu tamu, ndio wa kuutilia shaka. Fungua plagi uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Ikiwa tatu zina rangi ya kahawia na moja ni safi kama imeoshwa, hiyo silinda inapata maji, maana mvuke huisafisha.

Kipimo ninachokiamini zaidi bila vifaa vya gharama ni mpira wa juu wa rejeta. Washa injini iliyolala usiku kucha. Mpira ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata hata uvuguvugu, presha hiyo haitokani na joto. Ni ya silinda. Vilevile ukikuta asubuhi mpira bado umejaa presha baada ya saa nyingi za kupoa. Mapovu yanayotoka mfululizo kwenye mdomo wa rejeta injini ikinguruma, huku thamostati bado imefunga, yanasema vivyo hivyo. Yale machache ya mwanzo baada ya kujaza maji ni hewa iliyobaki tu. Fundi ana kipimo cha uhakika zaidi: dawa ya buluu inayonyonya hewa ya juu ya maji ya rejeta na kugeuka njano ikikutana na gesi ya kaboni dioksidi itokayo kwenye mwako.

Tahadhari moja ambayo inaokoa injini. Kama unashuku maji yameingia silinda na yamekaa usiku, usipige stata. Maji hayabonyei, na pistoni ikiyakuta inapinda koniroda, ule mkono unaoisukuma. Toa plagi zote, au nozeli kama ni dizeli, kisha zungusha injini ili yamwagike.

Hedi ikifunguliwa, kubadilisha gasketi peke yake ni kazi nusu. Gari lililochemsha huwa limepinda hedi. Huwekwa rula ya chuma iliyonyooka juu yake, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) ikapitishwa chini, na kwenye injini nyingi upindaji unaovumiliwa ni sehemu ndogo sana ya milimita. Kitabu cha gari ndicho cha kufuata. Iliyozidi hupelekwa ikachongwe, na ipimwe nyufa kwa presha kabla ya kuchongwa, siyo baada ya kulipia. Bolti zikiwa za aina inayovutika zinunuliwe mpya, na zikazwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa mpangilio wa kitabu, hatua kwa hatua. Kukaza kwa kukisia ndiko kunakoleta gari tena gereji.

Dawa za kuziba

Chupa za dawa inayomwagwa kwenye rejeta zina watetezi wake. Zinaziba, ni kweli, kitundu kidogo cha kiini. Lakini hazijui kutofautisha tundu la uvujaji na mrija mwembamba wa hita. Kwenye rejeta ya zamani ambayo tayari ina tope nusu, umenunua uvujaji uliokoma kwa bei ya gari linalochemsha mlimani. Mimi ninaziweka kundi moja na taulo na waya wa kufungia: za kukutoa porini. Ukiitumia, panga kusafisha mfumo wote mara tu ukifika.

Ukikwama njiani na mshale unapanda, washa hita mpaka mwisho na feni yake juu. Inasaidia kuvuta joto kwenye injini unapotafuta pa kuegesha. Kisha zima. Maji ya baridi hayamwagwi kwenye injini inayochemka, maana chuma cha moto kikipozwa ghafla hupasuka. Mfuniko ulegezwe injini ikishapoa, ujaze, na urudishe mfuniko ukiwa umelegea nusu pindo kama shida ni mpira unaovuja. Presha ikipungua, uvujaji hupungua. Enda polepole, ukijua kwamba maji sasa yatachemka mapema.

Kujaza upya

Baada ya matengenezo, suuza mfumo mpaka maji yatoke meupe, kisha tia mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyochujwa madini. Maji ya kisima au ya bomba huacha gamba ndani ya mirija. Rangi ya kulanti haithibitishi aina yake, kwa sababu kila kampuni hupaka inavyotaka. Angalia aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na kama hujui iliyokuwamo, mwaga yote badala ya kuchanganya, maana baadhi zikichanganywa huganda. Kulanti pia huisha nguvu ya kuzuia kutu. Zile za kijani za mtindo wa zamani hubadilishwa takriban kila miaka 2, nyingi za mtindo mpya huenda hadi 5.

Hewa ndiyo inayowasumbua wengi hapa. Egesha gari pua ikiwa juu kidogo, weka hita kwenye joto la mwisho, legeza skrubu ya kutolea hewa kama ipo karibu na thamostati, na ujaze taratibu mpaka maji yatoke pale bila mapovu. Washa bila mfuniko, injini ikinguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, uongeze kadiri yanavyoshuka. Thamostati hufunguka kwenye magari mengi kati ya nyuzi 82 na 88. Utajua kwa mpira wa chini kupata moto na usawa wa maji kushuka ghafla. Jaza, funga mfuniko, ngoja feni iwake na kuzima. Hita ikitoa moto wa kutosha, hewa imetoka. Asubuhi, injini ikiwa baridi, angalia tena usawa. Kushuka kidogo siku ya kwanza ni kawaida, kuendelea kushuka siku zinazofuata siyo.

Kulanti uliyomwaga ikusanye kwenye dumu lenye kizibo, uliandike, na uipeleke panapopokelewa mafuta machafu. Usiiache kwenye beseni uwanjani hata kwa saa moja. Utamu wake huvuta mbwa, paka na watoto, na kiasi kidogo tu huharibu figo.